RPG kwenye simu: unacheza gemu au uko zamu?

FundiWandegeya

Wadau, hamjambo. Swali langu ni moja na naomba tusikimbilie kutukanana. Kwa wanaocheza RPG, yaani gemu za kuongoza mhusika na kumkuza levo kwa levo, kwenye simu hapa Uganda, nani ameimaliza hata moja? Kumaliza kwenyewe: bosi wa mwisho kaanguka, majina ya waliotengeneza yanapanda kwenye skrini, humo ndani huna tena unachodaiwa.

Nauliza kwa sababu natengeneza simu Wandegeya, Kampala, na wateja wangu wengi ni wanafunzi. Kijana analeta simu betri imevimba, mfuniko wa nyuma umebenuka, na wakati nambadilishia tunapiga soga. Ukimuuliza gemu yake ya Genshin Impact imefika wapi, hakusimulii kisa. Anakwambia yuko levo fulani, ana wahusika fulani, anamsubiri fulani atoke mwezi ujao, na tafadhali fundi fanya haraka maana leo sijafanya kazi za siku. Kazi za siku! Huyo hachezi, ameajiriwa. Anaripoti asubuhi, anaripoti jioni, mshahara analipwa kwa vito, pesa ya humo humo ndani ya gemu.

Mimi ni mtu wa Shattered Pixel Dungeon na zile za zamani za PSP, mashine ya mkononi ya Sony, kwa PPSSPP, emuleta inayozichezesha kwenye simu. Sisemi nyingine ni mbaya. Nasema naona watu wanazihudumia kuliko kuzicheza. Na kwa kuwa betri zao ndizo zinazonilisha, endeleeni tu, sina neno.

DadaWaArua

Kaka fundi, umekuja na moto. Nina meza ya vitenge sokoni Arua, kazi naijua ilivyo, na Genshin si kazi. Hizo kazi za siku ni nne, zote zinakula dakika kumi na kitu, unapata vito 60, umemaliza. Sisi tulio kwenye seva ya Ulaya, maana Afrika hatujawekewa yetu, siku mpya inaanza saa kumi na mbili kamili asubuhi kwa saa za hapa. Saa hiyo chai iko jikoni na watoto wanatafuta soksi. Nacheza, nafunga, naenda sokoni. Mpaka kesho.

Na hili la kumaliza hulitendei haki. Genshin imetoka Septemba 2020 na bado inaandikwa. Unaanza Mondstadt, unaenda Liyue, Inazuma, Sumeru, Fontaine, Natlan, kila nchi na watawala wake na ugomvi wake. Utamalizaje kitu ambacho mwandishi wake mwenyewe hajakimaliza? Tamthilia za Kihindi zinaonyeshwa kila jioni miaka nenda miaka rudi, mbona hujamuuliza mama yako anamaliza lini?

Bombo_Mnubi

Hapo kwa mama umepatikana, fundi.

Ila niulize. Simu ya mtu ukishaifungua unaanza kukagua gemu zake? Yangu sileti tena.

FundiWandegeya

Betri mpya ikishaingia lazima niijaribu kwa kitu kizito nione joto. Ukiwa na Genshin najaribu nayo. Ukiwa na karata za matatu peke yake najaribu na kamera. Picha zako siangalii, na sidhani kuna cha kuangalia.

MwalimuJinja

Vijana, ngojeni kidogo.

RPG zilianza mezani. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons: karatasi, penseli, dadu, na mtu mmoja anayesimulia huku wenzake wakisema wahusika wao wanafanya nini. Wamarekani wakaiingiza hesabu hiyo ya dadu kwenye kompyuta, Wajapani wakaileta kwenye televisheni ya sebuleni: Dragon Quest 1986, Final Fantasy 1987. Tangu hapo msingi haujabadilika sana. Mhusika wako ana namba, namba zinapanda, na wewe ndiye unayeamua zipande upande gani.

Sasa kwa nini sisi hapa hatukuzicheza enzi hizo? Jibu ni kibanda. Mnakikumbuka kibanda cha PlayStation: televisheni, benchi, kijana mwenye daftari, unalipa kwa mechi. Mpira una mechi. Ngumi zina raundi. RPG haina mechi. Final Fantasy VII ya 1997 ilikuja kwa diski tatu, na mtu wa kawaida anahitaji kama saa arobaini kuimaliza. Nani atakulipia saa arobaini pale kwenye benchi, na nyuma yako watoto wanapiga kelele wanataka Arsenal na Man U? Hata ukiwa na hela, utasevu wapi? Memori kadi ya PlayStation ilikuwa na nafasi 15 tu, na za kibandani zilikuwa zimejaa ligi za watu. Kulikuwa na jamaa hapa Jinja alinunua kadi yake, anatembea nayo kwenye mfuko wa shati, akifika anaichomeka, akimaliza anaichomoa. Watu walimwona kichaa. Yule peke yake ndiye niliyemwona akifika diski ya tatu.

Kwa hiyo fundi, usiilaumu simu haraka. RPG Uganda imeletwa na simu. Sasa kila mtu ana mashine yake na mahali pake pa kusevu, na hakuna wa kumwambia shuka, zamu yako imekwisha.

FundiWandegeya

Mwalimu, hili la kibanda sikuwahi kuliwaza. Nakubali. Ila ona basi kinachouma: tumepata mashine ya kusevu, halafu gemu zenyewe zimeacha kuwa na mwisho.

Kijana_Nakivale

Jambo wote. Fundi, mimi nihesabu, nimemaliza.

Niko Nakivale, kambi ya wakimbizi, tulitoka Kongo nikiwa mdogo. Huku simu tunachajisha kwa mwenye sola: unalipa, unapewa kikaratasi cha namba, unarudi jioni. Gemu inayomaliza chaji kwa saa mbili haitufai hata ikiwa nzuri namna gani. Basi mimi ni PPSSPP. Ukipunguza ubora wa picha na mwanga wa skrini, simu ya kawaida inakaa nayo muda mrefu.

Niliyomaliza ni Crisis Core, ya 2007, kisa cha Zack kabla ya Final Fantasy VII. Kwenye gemu ile, pembeni juu ya skrini kuna sura zinazozunguka, za watu Zack aliowahi kukutana nao. Zikilingana anapata nguvu ya ziada. Unacheza nazo mwanzo mpaka mwisho, unazizoea, unaacha hata kuziangalia. Halafu pambano la mwisho: yuko peke yake, mbele yake jeshi zima. Anachoka, na zile sura zinaanza kukwama. Moja inafutika. Nyingine inafutika. Unabonyeza hakuna kinachoitika. Wadogo zangu walikuwa wamekaa nyuma yangu. Kiingereza hawajui, mimi ndiye nilikuwa nasoma na kuwaambia kwa Kiswahili gemu nzima. Ilipofika hapo hakuna aliyeniuliza maana yake nini.

Dada wa Arua, Genshin nimewahi kuiona kwa rafiki. Unaweza kuiweka kwa Kifaransa, hilo zuri kwetu. Kiswahili hakuna.

Msimamizi

Ukumbusho mfupi. Emuleta tuzungumze tutakavyo, viungo vya kupakulia gemu za wizi havikai hapa. Endeleeni.

Busia_Mpakani

Nyinyi mnaongelea hadithi, mimi naongelea bando. Genshin inataka zaidi ya GB 20 kwenye simu, na kila baada ya wiki sita hivi inakuja na nyongeza unayotakiwa kupakua tena. Mnakumbuka kodi ya mitandao ya kijamii, Julai 2018, shilingi 200 kwa siku? Ilipofutwa Julai 2021 tukawekewa asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Sasa hata yule asiyetaka Facebook anailipia kodi safari ya kwenda kuua majini ya Sumeru.

Na Januari 2021, wiki ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa kama siku tano nchi nzima? Wenye gemu za seva walikaa wakitazama ukurasa wa kuingilia. Mimi nilikuwa na Stardew Valley, nikapanda mboga zangu, nikavuna, nikaenda kuvua samaki. Mtu mmoja ndiye aliyeitengeneza ile, Eric Barone, michoro yeye, muziki yeye, na ukishaipakua haiulizi mtandao. Nilinunua mara moja tu na sijadaiwa tena.

Bombo_Mnubi

Stardew ni RPG au ni shamba?

Busia_Mpakani

Ina levo, ina upanga, ina migodi ya kushuka na mazimwi ndani. Shamba ni la kula.

MamaWawili_Ntinda

Samahani naingilia mazungumzo ya wataalamu. Mwanangu ana miaka 13, anatumia simu yangu ya zamani. Mwezi uliopita nimekuta hela zimetoka kidogo kidogo kwenye pesa ya simu kupitia kadi ya mtandaoni niliyoiunganisha ili nilipie vitu vya kanisani. Kumuuliza, anasema alikuwa "anavuta" mhusika. Gemu yenyewe sitaitaja, si hizi mnazozungumzia. Nilimchapa, halafu nikakaa nikajiuliza: nimemchapa kwa wizi au kwa kamari? Maana alivyonieleza, analipa, kitu kinazunguka, anapata au hapati. Naomba mnieleze kama mtu mzima, hii ni nini?

DadaWaArua

Dada, pole sana. Nitakueleza kwa hesabu za Genshin kwa sababu ndiyo naijua, na zimeandikwa mle ndani ya gemu, si siri.

Mvuto mmoja ni vito 160. Uwezekano wa kumpata mhusika wa nyota tano kwa mvuto mmoja ni asilimia 0.6. Yaani ukivuta ovyo unaweza kuvuta hadi ukate tamaa. Kwa hiyo wameweka kikomo: ukifika mvuto wa 90 bila kitu, lazima upewe wa nyota tano. Lakini wa nyota tano yupi? Huenda akawa yule unayemtaka, huenda akawa mwingine wa zamani. Akiwa mwingine, unaanza upya kuhesabu, na safari hii ni wako kwa hakika. Kwa bahati mbaya kabisa ni mivuto 180, vito 28,800. Kwa vito 60 vya kazi za siku peke yake hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na miezi mitatu. Matukio na hadithi mpya vinaongeza, lakini umeona ukubwa wa mlima.

Mimi najiwekea kikomo. Kuna kadi ya mwezi, dola 4.99, elfu kumi na nane hivi, inakupa vito 90 kila siku kwa siku 30 mradi uingie. Nikiuza vizuri nanunua, nisipouza sinunui. Zaidi ya hapo sivuki.

FundiWandegeya

"Mradi uingie." Wadau mmesikia? Umelipa wewe, na bado usipofika kazini unakatwa.

DadaWaArua

Hilo nakuachia, kaka. Limenichoma kidogo.

MwalimuJinja

Dada wa Ntinda, swali lako si la kijinga, serikali kubwa kubwa zimelihangaikia. Japani mwaka 2012 walipiga marufuku aina moja, ile ya kukutaka ukusanye seti nzima kwa bahati nasibu ndipo upate zawadi. Ubelgiji mwaka 2018 wakasema visanduku vya bahati vya kulipia ndani ya gemu ni kamari, vitolewe. China, tangu 2021, mtoto chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Sisi hapa tuna sheria ya 2016 ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha. Inasema aliye chini ya miaka 25 haruhusiwi kubeti. Ishirini na tano! Mwalimu aliyemaliza chuo na kuajiriwa anaweza kuzuiwa mlangoni pa beting, na mtoto wa 13 yuko kitandani anavuta asilimia 0.6. Tofauti wanayoisema wenye gemu ni kwamba hapa hushindi pesa, unapata picha ya mhusika ambayo huwezi kuiuza. Mimi binafsi naona hiyo inafanya jambo kuwa baya zaidi. Aliyebeti angalau ana matumaini ya kurudi na nauli.

Bombo_Mnubi

Mwalimu umebeti lini?

MwalimuJinja

Endelea na uzi.

FundiWandegeya

Mama wawili, la kufanya leo hii. Ingia kwenye duka la programu la hiyo simu, kwenye mipangilio, weka kila ununuzi udai nenosiri. Mpangilio huo upo, kwenye simu nyingi hakuna aliyeugusa. Ondoa kabisa hiyo kadi kwenye akaunti. Namba ya siri ya pesa ya simu badilisha, na isiwe mwaka aliozaliwa mtoto, huo anaujua. Gemu usiifute mara moja, kaa naye akuonyeshe wahusika wake. Najua nimeingia kwenye malezi, nisamehe, lakini wazazi wengi huja kwangu kufuta gemu na mtoto anairudisha kabla hawajafika kituo cha taksi.

Niongeze la betri maana ndiyo kazi yangu. Wanaocheza huku simu ipo kwenye chaja na ina kava nene la mpira: mnaiua. Betri ya lithiamu haipendi joto, na haipendi joto hasa ikiwa karibu na asilimia mia. Ndani yake gesi inajikusanya, ndiyo huo uvimbe mnaoniletea. Vua kava. Kwenye mipangilio ya gemu weka fremu 30 kwa sekunde badala ya 60, kwenye RPG ya kupigana kwa zamu kama Star Rail hutaona tofauti ya maana. Simu nyingine za siku hizi zina mpangilio wa kupeleka umeme kwenye bodi moja kwa moja bila kupitia betri, kama yako inao washa. Na ukinunua simu usiangalie RAM tu. Uliza hifadhi yake ni eMMC au UFS. Ile ya kwanza ni ya polepole, ndiyo maana mwenzako ameshaingia pangoni wewe bado unatazama mduara unazunguka.

Busia_Mpakani

Muuzaji wa Kikuubo pale Kampala ukimuuliza eMMC atakwambia hiyo rangi imekwisha.

Bombo_Mnubi

Fundi, umeitaja Pixel Dungeon tangu mwanzo. Nimeitafuta, picha zake ni vidoti. Unaona nini humo?

FundiWandegeya

Nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Shattered Pixel Dungeon ni ya bure kwenye Android, haina matangazo, mtandao haihitaji, ni ndogo kiasi kwamba unaipakua kwa MB zilizobaki za bando la siku. Unachagua mhusika, labda shujaa wa upanga au mchawi au mwizi au mwindaji, unashuka chini ya mji. Kila ukianza, ramani ni mpya. Na ukifa umekufa. Hurudi ulipokuwa, unaanza juu kabisa mikono mitupu.

Dawa unazookota zina rangi, lakini rangi hazina maana ya kudumu. Leo ya bluu inakuponya, ukianza tena ya bluu inakuchoma moto. Utajuaje? Kwa kunywa. Basi unajifunza kunywa ukiwa umesimama karibu na maji, ili ikiwa ni moto ujirushe uzimike. Hakuna aliyenifundisha hilo, gemu haikuambii, unakufa ndipo unajua.

Ghorofa ya tano kuna Goo, donge jeusi kubwa. Mgeni anamvamia, anapiga, anapiga, na Goo hapungui, maana chumba kina madimbwi na akisimama majini anajiponya. Mvute mpaka nchi kavu kwanza. Halafu atavimba. Akivimba, acha upanga, ondoka hatua mbili. Kipigo kinachofuata kinaua. Akishakikosa unarudi, unampiga, anavimba tena, unaondoka. Ile gemu ni ya zamu, ukisimama kufikiri na yeye amesimama. Mteja akiingia naweka simu chini, natengeneza spika yake, nikirudi Goo bado amevimba ananisubiri. Hakuna vito nilivyokosa, hakuna mtu wa seva aliyenikata mshahara.

Chini kabisa ni ghorofa ya 26. Nimefika, ndiyo. Kwa hiyo siulizi maswali nisiyoweza kujibu.

Kijana_Nakivale

Nimeipakua wakati nasoma. Goo ameniua.

Bombo_Mnubi

Mimi panya ameniua. Ghorofa ya kwanza.

Kijana_Nakivale

Nina neno jingine. Gemu hizi zote ni za Wajapani, Wachina, Wazungu. Mnamjua Lual Mayen? Msudani Kusini, alikulia kambini kaskazini mwa Uganda hii hii. Mama yake alidunduliza miaka mitatu akamnunulia kompyuta, yeye akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu iitwayo Salaam, ya kukimbia vita na kutafuta amani. Leo anatajwa duniani. Si RPG, lakini ametoka mahali kama hapa nilipo.

MwalimuJinja

Na RPG ya Kiafrika ipo. Kiro'o Games wa Kamerun, wako Yaoundé, walitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016. Ni ya kompyuta, si ya simu. Mwana wa mfalme, Enzo Kori-Odan, anapinduliwa siku ya kutawazwa na shemeji yake, anatoka kutafuta nguvu za mababu ili arudi. Nilichokipenda: mkewe, Erine, hajaachwa nyumbani wala hajatekwa. Anakwenda naye safari nzima na anapigana.

Bombo_Mnubi

Sisi hapa tuna kisa ambacho tayari ni RPG na hakuna aliyekishika. Kintu.

Hebu tazameni. Kintu yuko peke yake na ng'ombe wake mmoja. Anamtaka Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni. Anapanda kumposa, baba mkwe anampa mitihani. Ale chakula cha watu mia. Apasue jiwe kwa shoka. Ajaze mtungi kwa umande. Mwisho amtambue ng'ombe wake kati ya kundi zima la waliofanana naye, na nyuki ndiye anayemsaidia kwa kutua kwenye pembe ya yule wa kwake. Mitihani minne, msaidizi mdogo, zawadi ni mke na mbegu. Nani anahitaji kuandika zaidi?

Busia_Mpakani

Chakula kile alikifukia shimoni sakafuni, hakukila. Hiyo ni mbinu, gemu lazima iiruhusu.

MwalimuJinja

Na sehemu ya pili ndiyo tamu. Wanaambiwa wakishuka wasirudi, hata wakisahau kitu, kwa sababu kaka yake Nambi, Walumbe, ambaye ni Kifo, atawafuata. Njiani Nambi anakumbuka punje za ulezi za kulisha kuku wake. Anarudi, Walumbe anamwona. Watoto wanaanza kufa. Ndipo Ggulu anamtuma kaka mwingine, Kaikuzi, amkamate. Walumbe anakimbilia ardhini, Ttanda, upande wa Mityana. Mashimo yapo mpaka leo, mnaweza kwenda kuyaona.

FundiWandegeya

Ngoja. Mashimo. Unashuka shimo baada ya shimo unamtafuta Kifo.

Wadau, msimbo wa Shattered Pixel Dungeon uko wazi, leseni ni GPL. Unaruhusiwa kuuchukua, kuubadilisha na kuutoa kwa jina lako, mradi na wako ubaki wazi kwa wengine. Watu wameshatengeneza gemu nyingi kutoka humo. Goo anaondoka, anaingia Walumbe. Ghorofa zinakuwa mashimo ya Ttanda. Kijana, ulisema unajifunza kuandika programu au nimeota?

Kijana_Nakivale

Hukuota. Ni Java, nimeanza kuisoma. Kompyuta ya kituo tunapewa kwa zamu.

Bombo_Mnubi

Kuna shida moja. Kwenye kisa Kaikuzi hakumshinda. Aliwaambia watu wajifungie, wanyamaze kabisa, wakimwona Walumbe wasipige kelele. Watoto waliokuwa nje na mbuzi wakamwona, wakapiga yowe, akarudi chini. Kaikuzi akachoka, akapanda zake mbinguni. Sasa bosi wa mwisho hashindwi?

FundiWandegeya

Hiyo ndiyo misheni yenyewe. Kimya. Hatua ukikanyaga vibaya mtoto anapiga yowe. Umemkosa, anashuka shimo jingine, unaanza kumfuata upya.

Busia_Mpakani

Yaani gemu isiyo na mwisho. Fundi, umetuandikia uzi mzima unalalamika.

FundiWandegeya

Hii haikudai uingie saa kumi na mbili asubuhi.

MamaWawili_Ntinda

Nimemsomea mwanangu hapo kwa Kintu. Anauliza nyuki atakuwa anavutwa au unapewa.

Kijana_Nakivale

Mwambie anapewa. Kwangu hakuna kuvuta.

DadaWaArua

Haya, nina sharti. Nambi achezeke. Sipakui gemu ambayo mwanamke kazi yake ni kusahau ulezi. Na kwa bibi mmoja wa Mukono niliyepanga kwake, aliyerudi ni Kintu, si Nambi.

Bombo_Mnubi

Kwetu pia tulisikia zote mbili.

FundiWandegeya

Nambi namba moja kwenye orodha ya wahusika. Sasa pale njiani, anarudi kuchukua ulezi au harudi?

DadaWaArua

Mwachie mchezaji achague. Kuku nao wana njaa.